Bundi Kwenye Mkanda wa Mukantwari

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo: fffss, fffss, kama mtu anayepuliza makaa yasiyotaka kushika. Kigali ya miaka ile ilikuwa na sauti nyingi kubwa kuliko hiyo. Malori ya jeshi yalikuwa yakipanda kuelekea kaskazini. Doria walipiga filimbi. Redio zilifunguliwa kwa nguvu ili jirani asikie mwenye nyumba anasikiliza nini. Lakini Jean-Bosco aliyasahau mengi ya hayo, na hiyo ndogo ikambakia.

Aliisikia kwanza alasiri moja ya kiangazi cha mwaka 1992, mteremkoni mwa mlima Rebero, kwenye machimbo ya udongo ambayo wafyatua matofali walikuwa wameyaacha tangu vita vianze. Alikuwa amepanda huko akitafuta tu mahali pa kukaa bila kuulizwa kitambulisho. Akainua macho. Kwenye ukuta mwekundu wa udongo, juu kidogo ya kimo cha mtu, palikuwa na kibao cha ardhi kilichobakizwa na majembe, kipana kama beseni. Juu yake walikaa makinda wawili wa rangi ya majivu, wamejaa manyoya laini kama pamba iliyochambuliwa vibaya. Mmoja alimtazama. Akainamisha kichwa, akakizungusha polepole, kana kwamba anachora duara hewani kwa mdomo, kisha akapiga mdomo huo, ta-ta, na kunyamaza.

Jean-Bosco alikuwa ameshika kamera, na hakumpiga picha. Alikaa chini palepale, akatazamana naye mpaka kivuli cha mlima kilipowafikia wote watatu.

Hakuwa mtu wa Kigali. Kwao ni Bwiza, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili huanza kusemwa kabla mtu hajashuka kitandani. Alilelewa na dada yake, Christella, na akiwa kijana alikuja Rwanda kumsaidia binamu yao aliyekuwa na studio ya picha Gikondo, kati ya magereji na maghala. Alisema atakaa misimu miwili ya mvua. Binamu akahamia Goma, studio ikabaki mikononi mwake, na kabla hajafunga virago vita vikaingia kutoka mpaka wa Uganda. Ikawa Oktoba 1990. Tangu mwezi huo hakuna aliyetoka mjini bila lesepase, ile karatasi ya ruhusa ya safari, na ombi la karatasi hiyo lilianzia kwa mkuu wa selile, ule mtaa mdogo kabisa wa serikali.

Mkuu wa selile yao aliitwa Ntakirutimana. Watu walimwita Shefu. Ombi la Jean-Bosco lilikuwa kwake muda mrefu mno hata kingo za karatasi zikageuka rangi. Kila alipoulizia, Shefu alimjibu bila ukali.

"Weye ni Murundi. Tena mpiga picha. Unataka kuvuka mpaka na mashine. Jiweke kwenye kiti changu."

Jean-Bosco alijiweka kwenye kiti hicho, akaona hata yeye asingesaini.

Christella alimtumia salamu kwa madereva wa malori. Salamu zilikuwa fupi: njoo nyumbani. Dereva mmoja alizifikisha akiwa anatafuna ndizi, akaongeza la kwake, "Dada yako amelia kidogo. Si sana." Hiyo "si sana" ilimkaa Jean-Bosco kifuani kuliko salamu yenyewe.

Basi akabaki, akipiga picha za vitambulisho. Vita vilileta kazi hiyo kwa wingi, maana kila njia ilikuwa na bariyeri, kizuizi cha askari, na kila bariyeri ilitaka uso. Watu waliketi kwenye kigoda mbele ya shuka jeupe. Aliwaambia wainue kidevu, wasicheke, wasipepese. Walivuta pumzi wakaizuia mpaka kamera ilie. Kwenye kadi, pembeni ya picha, palikuwa na mstari wa kabila. Huo aliujaza mtu mwingine, katika ofisi nyingine. Yeye alitoa uso tu. Lakini alizijua nyuso zile. Alijua nani alizuia pumzi kwa ajili ya picha, na nani aliizuia kwa ajili ya ule mstari.

Makinda hawakuzuia pumzi. Ndiyo maana alirudi.

Aliyafanya macho yake yazoee mahali pale. Mbele ya ukuta wa udongo palikuwa na tanuri la zamani la matofali, limebomoka upande mmoja, na mdomo wa kuingizia kuni ulitazama moja kwa moja kile kibao cha ardhi. Alijifunza kuingia kwa tumbo, kinyumenyume, miguu kwanza, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi ya kugeuka. Magoti yalifika kidevuni. Masizi ya zamani yalimwingia puani. Kamera aliifunga katika sweta kuukuu na kuitobolea tundu la lenzi, ili mlio wa kitufe usitoke. Flashi hakuitumia hata siku moja. Alingoja jua la jioni, lile linaloingia kwa upande na kuugeuza udongo kuwa rangi ya papai, na katika huo muda mfupi alipiga picha moja, mbili, kisha akaacha. Filamu ilikuwa haipatikani.

Kujikunja humo kulimuuma mgongo. Lakini ilikuwa nafuu ya ajabu, kubanwa mahali alipopachagua mwenyewe.

Akawajua wale makinda. Mkubwa alikuwa mlafi, akiufunika mdomo wa mwenzake kwa bawa ili ale yeye kwanza. Mdogo alipenda kuchungulia. Mdudu akipita ukutani, mdogo alimfuata kwa kichwa mpaka shingo ikamaliza mzunguko wake, akayumba, akaanguka kifudifudi. Mama yao alikaa kutwa kwenye mkalitusi ulio karibu, amejinyoosha kama kisiki cha tawi lililokatwa. Giza lilipoanza kuingia alishuka bila mlio wowote, panya mguuni. Ndipo ile sauti ya makaa ilianza, fffss, fffss, na Jean-Bosco alijua ni wakati wa kutambaa nje na kuteremka haraka kabla ya saa ya kutotembea.

Hakumwambia mtu. Nyumbani kwao Bwiza bundi hawapendwi, na hapa walichukiwa zaidi. Bundi akilia juu ya paa, watu walitoka na kijinga cha moto kumfukuza, na mwenye nyumba alihesabu wagonjwa wake kichwani.

Jirani yake wa karibu alikuwa Mukantwari, mjane aliyeuza uji wa mtama asubuhi mbele ya magereji. Mwanawe wa pekee, Bizimana, alikuwa askari huko Byumba, na mtaa mzima ulimwita mama kwa jina la mwana. Yeye naye hakumwita Jean-Bosco kwa jina.

"Murundi, leo umekonda tena. Zile picha unazikula?"

"Nakula uji yako tu, Mama Bizimana."

"Ndiyo sababu umekonda. Uji bila mwanamke haishiki kwa mifupa."

Mafundi waliokuwa wakingoja vikombe vyao walicheka, naye akacheka, na asubuhi ilianza hivyo kila siku. Aliwahi kufikiri kwamba bila kikombe kile cha uji na kile kicheko angekuwa ameshapoteza akili.

Kisha kitambulisho cha Mukantwari kikaanguka katika sufuria ya uji. Alikuwa anakiweka kifuani, akainama kukoroga, kikateleza. Alipokitoa kilikuwa kimevimba.

"Kimeiva," aliwaambia askari wa bariyeri, akawaonyesha. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili hawakucheka, wakamkalisha chini kando ya njia kutwa nzima, na uji ukachacha. Kesho yake alikuja studio akiwa amefunga kitambaa kipya kichwani.

"Nicheke?"

"Hapana, mama. Serikali haitaki meno."

"Hata miye sina mengi ya kuipa."

Alimpiga picha chache kwenye filamu aliyoianza asubuhi hiyo. Hakuja mteja mwingine. Alasiri akapanda na kamera ileile hadi tanurini, na filamu iliyobaki akaimalizia kwa makinda. Ndivyo alivyofanya siku zote, kwa sababu ya uhaba: watu kwanza, ndege baadaye, mkanda mmoja. Hakuna aliyewahi kuuona mkanda kabla haujakatwa. Watu huiona picha. Mkanda ni wa mpiga picha, kama matumbo ya samaki yalivyo ya mpishi.

Lakini asubuhi iliyofuata maji ya bomba yalikatika. Alikuwa ameutoa mkanda katika dawa, ameuosha kwa maji ya mwisho, ameutundika dirishani kwa kibanio cha nguo ukauke, kisha akatoka na ndoo. Mukantwari alipopita na kukuta mlango wazi, aliingia kuulizia picha zake. Akaona kitu kinang'aa dirishani. Akakivuta kwenye mwanga.

Jean-Bosco alirudi akamkuta hivyo, ameshika mkanda kwa vidole viwili, mbali na mwili.

Kwenye negatifu kila kitu hugeuka. Uso wa Mukantwari ulikuwa na weupe wa majivu, kitambaa cheusi kichwani kimewaka kama taa, na midomo yake inameremeta. Pembeni yake, ukingo kwa ukingo, alikaa kinda. Manyoya yake meupe yamekuwa masizi, na katikati ya macho, pale palipo na mboni nyeusi, palikuwa na mashimo mawili ya mwanga.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni weye, mama. Nikiiweka kwa karatasi itageuka, itakuwa…"

"Miye najijua. Nauliza huyu ya pembeni yangu."

"Ndege. Mtoto ya ndege tu."

"Ndege gani?"

Jean-Bosco aliweka ndoo chini. Mukantwari alilitamka mwenyewe, kwa Kinyarwanda, lile jina ambalo hata watoto hawalisemi ovyo: "Igihunyira." Akauachia mkanda, ukabembea.

"Filamu haipatikani, Mama Bizimana. Nilimalizia tu ile iliyobaki. Hamkuwa pamoja. Weye ulikuwa hapa, yeye yuko huko mlimani."

"Nyumba yetu iko moja." Alionyesha mkanda. "Nimemuona kwa macho yangu, amekaa ubavuni mwangu kwa giza, na miye sikujua. Na niko na mtoto vitani."

Jean-Bosco alichukua mkasi. Alikata pale kati ya uso na kinda, vipande viwili vikaanguka mezani. Alifikiri amefanya jambo. Mukantwari aliutazama mkasi, kisha akamtazama yeye, bila hasira, kwa huruma kidogo, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyejaribu kufuta kivuli.

"Umekata plastiki," alisema. "Vilivyoonana vimeonana."

Akaondoka bila picha.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba bunduki zimenyamaza huko Byumba, lakini barua hazikuja, na askari waliorudi kwa likizo hawakuwa na habari za Bizimana. Zamani ukimya huo ulikuwa ukimya wa vita. Sasa ulikuwa na uso na macho mawili. Mukantwari aliacha kupika uji. Aliketi mlangoni mwake, mikono mapajani, akitazama njia. Jean-Bosco alipomwamkia aliitika, lakini jina la Murundi halikutoka tena mdomoni mwake, wala mzaha wowote.

Habari zilienda zenyewe. Mtu aliyekuwa amepigwa picha mwezi uliopita alikuja kuuliza kama mkanda wake nao ulikuwa na mgeni. Baada yake hawakuja hata wa kuuliza. Kigoda kilikaa mbele ya shuka jeupe kutwa, na Jean-Bosco akakaa kwenye kigoda.

Ntakirutimana alifika alasiri, hindi la kuchoma mkononi. Alikuwa na vijana wawili waliobaki mlangoni. Mmoja wao, Karangwa, alikuwa fundi wa matairi aliyekunywa uji na Jean-Bosco mara nyingi.

"Murundi."

"Shefu."

"Unapiga picha ya watu ama ya wachawi?"

"Ya kitambulisho, Shefu."

"Na igihunyira naye ameomba kitambulisho? Wataandika kabila gani?"

Vijana walicheka. Jean-Bosco naye akacheka, akachelewa kidogo, na kucheka huko kukamwachia ladha mbaya mdomoni. Ntakirutimana hakucheka. Alikuwa anatafuna, akizunguka chumba kwa macho: shuka, kigoda, kamba ya kutundikia mikanda.

"Mama Bizimana halali. Wanawake wamekuja kwangu, wakasema nikufukuze. Nikasema Murundi ni mjinga, hana ubaya. Wakasema anapanda Rebero na mashine kila jioni. Mtu akipanda mlima na kamera wakati wa vita, mjinga na mpelelezi wanafanana sana. Askari hawatanisubiri niwatofautishe. Unanisikia?"

"Nasikia."

"Nataka selile yangu ilale. Wazee wanasema dawa iko. Mtoto ya igihunyira akichomwa kabla hajaruka, yote aliyoiona inaungua naye. Akisharuka, basi, amekwenda nayo, dawa haiko tena. Utatuonyesha kiota. Jumamosi, watu wakitoka umuganda."

Alifuta vidole kwenye suruali, akatoa karatasi katika koti. Jean-Bosco aliitambua kwa kingo zake. Lilikuwa ombi lake.

"Nitakuja nayo. Na peni. Nikiona moto, nasaini palepale, Jumatatu ofisi ya komini inakupa lesepase, unakwenda kwenu. Kila mtu amepona. Nisipoona kitu…" Akaikunja tena, akairudisha. "Sitakuwa nimeona kitu."

Karangwa alibaki nyuma kidogo wenzake walipotoka.

"Onyesha tu, kaka," alisema. "Ni ndege. Hata miye ningekuwa na kwetu kwingine, ningeonyesha mama mkwe."

Siku zilizofuata Jean-Bosco alipanda bila kamera. Filamu ilikuwa imekwisha, na hata ingekuwapo asingethubutu. Aliingia tanurini, akakunja magoti.

Makinda walikuwa wamekua. Manyoya laini yalikuwa yanawatoka kwa vishungi, chini yake yakija mengine, ya kijivu yenye mistari. Mkubwa alisimama ukingoni mwa kibao akapiga mabawa kwa nguvu mpaka vumbi jekundu likaruka, akainuka kimo cha kidole, akaogopa, akakaa. Mikia yao ilikuwa bado mifupi. Jean-Bosco alikuwa amewatazama vya kutosha kujua kwamba Jumamosi ingewakuta bado wanatembea.

Alifikiri kuwatisha waondoke. Lakini kinda asiyeruka akianguka chini ni wa mbwa. Alifikiri kuwachukua. Akajiona anateremka na bundi wawili katika mfuko, anafika bariyeri, askari anasema fungua. Akacheka peke yake mle tanurini, na kicheko kikarudi kutoka kwenye matofali kama cha mtu mwingine. Alifikiri kukimbia yeye mwenyewe, kwa miguu, kusini, bonde kwa bonde. Watu walijaribu hivyo. Wachache walirudishwa, na hao ndio waliosikika.

Kisha akafikiri nyumba ya Christella. Alijaribu kutoifikiri, ikaja. Ua uliofagiliwa, maharage yenye mawese, ndagala, dagaa wa ziwani, zimeanikwa juu ya bati na harufu yake inaingia mpaka chumbani. Dada yake akimwita kutoka jikoni kwa jina lake lote bila sababu, ili tu asikie anaitika. Karatasi moja na saini moja.

"Ndege ni ndege," alisema kwa sauti, ili ajisikie akilisema.

Usiku wa kuamkia Jumamosi alilala vizuri, na alipoamka usingizi huo ulimtia aibu. Alikuwa ameamua.

Jumamosi watu walitoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila wiki, wakiwa bado na majembe na matope miguuni. Waliopanda hawakuwa wengi. Ntakirutimana alitangulia na fimbo. Karangwa alibeba kopo la mafuta ya taa na mti mrefu uliofungwa matambara nchani. Walikuwapo wanaume wengine wachache wa mtaa, na Mukantwari, amevaa viatu vya raba, anapanda polepole, mkono mmoja kiunoni. Jean-Bosco alitaka kumshika mkono kwenye mteremko. Hakujua kama anaruhusiwa.

"Alikuja hapa kila siku," Karangwa aliwaambia wengine, kwa sauti ya kustaajabu zaidi kuliko kulaumu. "Miye hata kwa mke wangu siendi kila siku."

Walifika machimboni. Jua la jioni lilikuwa limeanza kuingia kwa upande, na udongo umegeuka ile rangi ya papai.

"Wapi?" aliuliza Ntakirutimana.

Jean-Bosco alionyesha kibao cha ardhi. Alifanya hivyo mara moja, bila kusita, kama alivyokuwa amejiahidi. Karangwa alilowesha matambara, akawasha, akauinua mti. Moshi mweusi ukapanda ukutani. Mwali ulilamba kile kibao, ukaunguza manyoya makavu, mifupa ya panya, kinyesi. Hakuna kilicholia. Mwanamume mmoja alimbeba mwenzake mabegani, akachungulia.

"Hakuna kitu hapa. Manyoya tu."

"Tafuteni," alisema Shefu.

Walitawanyika. Waligonga tanuri kwa majembe, wakachungulia mdomoni mwake, wakatikisa vichaka. Waliutazama mkalitusi, na macho yao yakapita juu ya mama bundi mara mbili kama yanavyopita juu ya tawi. Jean-Bosco alisimama katikati. Moyo wake ulikuwa umeanza kufurahi, na aliuogopa. Labda kweli wameondoka. Labda mikia mifupi ilitosha.

Ndipo akamwona mdogo.

Alikuwa chini, katikati ya vipande vya matofali, hatua moja kutoka kwenye kiatu cha raba cha Mukantwari. Alikuwa amejibana udongoni, bawa limefunika miguu, kichwa kimezama mabegani, wala hakuwa na umbo la ndege. Alikuwa donge la udongo wa kijivu. Macho ameyafunga, yamebaki nyuzi mbili za njano, nyembamba kama mwanya wa mlango. Kwenye koo lake, chini ya manyoya, kitu kilikuwa kinapigapiga. Mbele kidogo, chini ya ukuta, donge jingine kubwa zaidi lilikuwa limelala vilevile.

Karangwa alipita karibu na mti wake unaofuka moshi. Donge halikutikisika.

Ntakirutimana alikuja akasimama mbele ya Jean-Bosco. Alikuwa amechoka, amechafuka masizi, na katika mkono mmoja alishika karatasi, katika mwingine peni, tayari imefunguliwa.

"Murundi, usinifanye mtoto. Hawa watu wamepanda na miguu yao. Unawajua hawa ndege kuliko mama yao. Nionyeshe, nisaini, twende. Leo ikipita miye siirudii tena karatasi yako. Ya mtu mwingine nitaandika. Yako, hapana."

"Nimesikia, Shefu."

Mukantwari alikuwa amemsogelea upande wa pili. Kiatu chake kilikanyaga kipande cha tofali, kikakivunja, na vumbi likamwangukia kinda mgongoni. Hakuwa anatazama chini. Alimtazama Jean-Bosco usoni, kwa karibu, kama walivyokuwa wakitazamana zamani juu ya sufuria, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Wako wapi, mwanangu?" aliuliza. "Sema tu. Iungue, nikalale."

Jean-Bosco aliinua mkono. Aliuona ukiinuka, ukafika usawa wa kifua. Ilibaki kidole. Wote walingoja, majembe yametulia, na Karangwa alikuwa amesimama na mti wake ukidondosha matone ya moto kwenye udongo. Barabara ya Bujumbura ilikuwa pale kwenye karatasi, na usingizi wa mama huyu ulikuwa pale kwenye kidole, na yeye hakuwa na kitu cha kuwapa badala yake. Kile kitu kooni mwa kinda kiliendelea kupigapiga.

Aliupeleka mkono kichwani, akajifuta jasho. Akamwinamia Mukantwari, sikioni, na kusema kwa sauti ndogo kabisa, kama anayeogopa kumwamsha mtu aliyelala miguuni pao:

"Wameruka, mama."